Maji Yaliyotakata

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Maji alinipokea kwenye ghala la Nyakato, akanipa buti kubwa kuliko miguu yangu na somo la dakika kumi. Shabu hukusanya tope likazama chini ya tangi. Klorini huua vijidudu. Kisha akainua glasi dirishani.

"Watu wanakunywa kwa macho, kijana. Yakitakata, fungua koki."

Nikajiona nimehitimu.

Nikapangiwa kituo cha pampu cha kijiji kimoja cha ujamaa, jirani na Kigongo, ufukweni mwa ziwa. Nilikuwa Mhaya peke yangu, Kisukuma sijui, na kelele za pampu haziruhusu soga. Aliyenizoea ni jirani yangu Mama Kulwa, aliyeniletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na kukicheka Kiswahili changu cha Bukoba. Binti zake mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wa kwanza bombani kila asubuhi.

Mwaka mmoja mvua zilikataa misimu miwili mfululizo. Ziwa likarudi nyuma, bomba la kuvutia maji likabaki kwenye kina kifupi, maji ya kijani yanayonuka. Ng'ombe wa vijiji vyote wakahamia ufukweni. Nikaongeza klorini maradufu mpaka pipa likaisha, nikaagiza nyingine mjini. Kabla haijafika, mvua ilishuka siku nne pamoja na upepo. Samadi yote ikasombwa hadi kwenye bomba langu, na barabara ya Mwanza ikakatika. Ukame niliumudu. Mvua nayo ningeimudu, kama isingekuja wakati ukame umeshanimalizia dawa.

Nilizima pampu siku mbili. Shabu nilikuwa nayo, nikaitia, nikangoja, nikainua glasi kama nilivyofundishwa. Yalitakata kabisa, nikafungua koki.

Mama Kulwa alisimama na ndoo. "Bwana Maji, haya yananyweka?"

Nikasema yananyweka. Ningemwambia tu ayachemshe. Niliona aibu kukiri kwamba kituo cha serikali hakina dawa, basi.

Kuhara kulianza kesho yake. Doto alifariki kabla barabara haijafunguliwa.

Hakuna aliyenishitaki, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Watu walipita mbele ya kituo na ndoo zao, wakanisalimu kwa heshima, wakaenda kuteka ziwani. Wakuu walikuja kukagua, wakainua glasi, wakanisifu. Mpaka nastaafu nilisukuma maji safi na kuyanywa karibu peke yangu. Michembe haikuja tena. Vijana mnaosomea maji mtafundishwa vipimo bora kuliko vyetu. Mimi nilikuwa na kipimo kimoja cha macho, na mdomo uliofungwa.

Siku ya kuondoka, Mama Kulwa alikuja amezeeka, ameshika chupa ya maji ya safari. Akanipa kwa mikono miwili.

"Nimeyachemsha," akasema.

Ndilo neno nililopaswa kumwambia mimi.