Kigogota wa Upande wa Kushoto

Katikati ya miaka ya tisini nilishuka kwa miguu na baba mkubwa, kutoka kwetu kwenye majani chai hadi karibu na Mulot, akaniposee msichana. Kwetu, kigogota akilia upande wa kushoto wa watu wanaokwenda kuposa, wanageuka na kurudi nyumbani. Kwamba ndege wa kutoboa miti ndiye angeniamulia mke, hilo lilinikera kuliko mahari.

Ndege wa njia ile niliwajua tangu nikichunga ng'ombe. Juu, msitu unapopakana na chai, walikaa hondohondo na vigogota. Chini ya Bomet, miti ilipopungua, walianza kwera kwenye mahindi, na kwenye ngano ya Mulot walikuwa kanga tu. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na mpaka: nikiikanyaga ngano, nimepona.

Nilitangulia, mbiombio, jasho likinitoka kabla jua halijapanda. Baba mkubwa alisimama mara kwa mara kufunga kamba za viatu, na kila aliposimama niliitazama miti ya kushoto. Tulikuwa karibu kuimaliza miti kigogota alipolia, kushoto kabisa. Nikakohoa. Akalia tena, nami nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Baba mkubwa akaendelea kutembea.

Tulipowaona kanga wa kwanza kwenye ngano, alisimama akakung'uta vumbi kwenye koti.

“Hiyo kikohozi acha hapa,” akaniambia. “Hao watu watafikiri uko na TB.”