Heleri Niliyoing'arisha

Mwezi uliopita nilikwenda Temeke kumjulia hali ndugu yangu, nikanunua kiberiti dukani. Kijana akanipa pipi mbili. Nikamwuliza za nini hizi, mie meno yenyewe sina. Akasema, "Bibi, ndiyo chenji hiyo." Nikabaki nimesimama palepale nazo mkononi, nawaza senti. Maana sie tuliokua wakati wa Mwingereza, senti moja ilikuwa pesa, na mtu mzima aliinama kuiokota.

Aliyenilea ni bibi yangu, Mzaramo wa hapohapo Temeke, mpika vitumbua. Alfajiri makuli waliokuwa wakienda bandarini kwa miguu walipitia barazani kwetu, wakachukua cha moto, wakadondosha senti kwenye bakuli la bati. Kazi yangu ilikuwa kutwanga mchele na iliki, halafu kuosha vyombo. Kwa vyombo, nisijisifu, mtaa mzima ulinijua. Majivu, makumbi ya nazi, mchanga laini, na ukwaju kidogo kwa vitu vya shaba, basi utajiona uso. Bibi alinifunza kwamba kumpa mtu kitu kichafu ni kumdharau. Hata kata ya maji ya mpita njia niliisugua kwanza.

Chumba cha uani alipanga karani mmoja, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mpole, shati jeupe kila siku. Sehemu ya mshahara wake aliomba apewe kwa senti, zile ambazo benki ilizipanga na kuziviringishia karatasi kama mishumaa. Jumamosi mchana alitandika mkeka uani, akafumua karatasi, akazimwaga zikalia kama mvua ya mawe. Akishazipekua moja moja anampa Bibi za chenji, naye Bibi anampa za bakulini azipekue pia. Wale walikuwa watani, Mzaramo na Mnyamwezi, basi Bibi hakumpa nafasi ya kupumua. "Mnyamwezi wewe, wenzio wanatafuta mke, wewe unatafuta senti. Utazaa nazo?" Karani anacheka. "Zikizaa, Bi Mkubwa, nitakuletea wajukuu."

Nami nilikaa naye mkekani, vidole vikinuka shaba. Ndiye aliyenionyesha kusoma mwaka, na kuitambua senti ya yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti kabla hajatimiza mwaka, kwa ajili ya mwanamke. Karani aliziweka hizo kando kwenye mkebe wa sigara. Bibi alisema mfalme huyo ndiye mwanamume, na akaomba moja atie uzi kwenye tundu lake la katikati, aivae shingoni.

Lakini aliyoitaka hasa karani ilikuwa heleri, pesa ya Mjerumani, ile pana ya shaba ya manjano iliyopigwa Tabora wakati wa vita vyake na Mwingereza, pesa zilipoadimika. Baba yake alikuwa fundi kwenye karakana ya reli iliyozipiga. Muda mfupi baadaye baba huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na hakurudi. Heleri zilikuwa zimekwisha kufutwa zamani, ila mara mojamoja mjanja fulani aliichomeka katikati ya senti, na karani aliahidi shilingi kwa mtoto yeyote atakayemletea.

Asubuhi moja Bibi alikuwa akikagua bakuli, akaguna. "Nani kanipa takataka hii gizani?" Ukubwa wake kama senti kumi, ila haina tundu. Nililiona taji, nikaujua mwaka wa vita, nikanyoosha mkono. Bibi akanipa. Ilikuwa nyeusi tititi, tena mtu alikuwa ameikwaruza kwa msumari, mistari mitatu karibu na taji. Karani alikuwa kazini. Nikasema siwezi kumpa mjomba, ndivyo nilivyomwita, kitu kama hiki.

Nikaketi kisimani tangu saa nne. Nikaisugua kwa ukwaju, nikaisugua kwa majivu, nayo mikwaruzo haitoki. Nikachukua mchanga, kisha nikaisaga kwenye jiwe la kunolea kisu mpaka pakawa laini kabisa. Niliifurahia kazi yangu, wallahi.

Jioni nikampelekea. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akaiweka kiganjani, akaigeuza, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Akaniuliza polepole, "Ilipokuja, ilikuwa na alama? Mistari mitatu?" Ndipo akanieleza. Baba yake aliikwaruza mwenyewe, mstari kwa kila mtoto wake, akampa mama. Njaa ilipowabana mama akainunulia mtama, na akaijutia mpaka kufa. Karani hakuwa amemwambia mtu habari ya alama, kwa kuogopa watoto wa mtaani wasije wakazichora wenyewe wapate shilingi.

Niliogopa. Nikasema, "Haikuwa na kitu."

Akashusha pumzi. "Basi siyo. Chukua wewe, umeifanyia kazi." Shilingi yangu akanipa vilevile. Ile heleri sikuweza kulala nayo chumba kimoja. Kesho yake niliitumbukiza chooni.

Mwaka mzima uliofuata, kila Jumamosi, alimwaga senti mkekani, nami nikakaa naye nikimsaidia kutafuta. Hilo ndilo linaloniuma. Ule uongo wa kwanza ni wa mtoto mwenye hofu, najisamehe. Jumamosi zote zile je? Nilizoea hata kusema, "Labda wiki ijayo, mjomba."

Alipohamishiwa Mwanza alikuja kuaga. Akaniambia ni mie peke yangu niliyehangaika naye. Nikapiga goti nikamshukuru. Kisha akamwomba Bibi amtunzie heleri yoyote itakayoingia bakulini, na Bibi kwa mara ya kwanza hakumtania, akasema atafanya hivyo.

Akafanya. Hatukupata tena habari za karani, lakini miaka yote iliyobaki ya uhai wake, hata macho yalipofifia, Bibi alizipapasa senti zake moja moja kwa kidole kila asubuhi, akitafuta isiyo na tundu. Nilikuwa nikimtazama, na sikumwambia aache.