Jumamosi za Ndizi

Jumamosi iliyopita nilikuwa namenya ndizi mbichi jikoni kwangu, hapa Barking, mashariki mwa London, dirisha likiwa wazi, na kwa kitambo nikasahau kwamba uwanja haupo tena. Nikasimama na kisu mkononi, nasubiri kelele. Wewe uliyekulia karibu na uwanja wa mpira utanielewa.

Utotoni mwangu kelele zile zilikuja juu ya mapaa kama mvua, zikaingia jikoni na kuchanganyika na mvuke wa sufuria ya bibi. Mama alikuwa amemleta bibi kutoka Bukoba atulee, maana yeye alishinda hospitalini kwenye shifti. Bibi hakujua Kiingereza na wala hakuona shida. Mzee wa nyumba ya pili, mweusi mwenzetu ila mzaliwa wa hapahapa London, alisalimiana naye kwa kumwinulia kofia. Alikuwa na ajabu moja tu: Jumamosi kelele zikianza alifunga madirisha yote, hata wakati wa joto.

Bibi akaamua kwamba mzee ni mpweke. Akapika ndizi kwa nyama, chakula cha kumheshimu mtu kwao, tukampelekea. Mzee akafunua sahani, akaitazama, akatufungia mlango.

Jamani, bibi aliumia! Alitoa sanduku lake chini ya kitanda akasema arudishwe kwao, hawezi kuishi na watu wanaomfungia mlango akiwa na chakula mkononi. Nililia sana, maana bibi hakuwa mtu wa kutania.

Mama aliporudi kazini alikwenda kumgongea mzee, amweleze heshima ya chakula kile. Akarejea macho mekundu.

"Mama, yule ndiye mweusi wa kwanza kuchezea timu ya pale uwanjani. Kila akigusa mpira, mashabiki walikuwa wanamrushia ndizi, kama nyani."

"Ndizi za kula?"

"Za kula, mama."

Bibi alilisukuma sanduku lake likarudi chini ya kitanda. Habari za mpira hakuuliza. Kilichomkaa rohoni ni kwamba kuna watu wanaoweza kumrushia mwenzao chakula.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Akaniambia nimwombe bibi amfundishe kumenya ndizi. Bibi akampaka mafuta viganjani ili utomvu usimgande, akampa kisu, wakamenya pamoja bila lugha, wakichekana. Zilipoiva, bibi alimkabidhi sahani kwa mikono miwili. Kelele za uwanja zikalipuka, dirisha letu liko wazi. Mzee aliendelea kula.

Siku hizi pale uwanjani pamejengwa maghorofa. Bibi hayupo, mzee hayupo, na Jumamosi zimekuwa kimya mno. Ningetoa chochote nizisikie tena zile kelele, na mzee ameketi jikoni kwetu, anamnyooshea bibi sahani aongezwe.