Kiboko wa Kila Dungu

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini nalitoa nikiangalia miguu yangu. Kwa hiyo dada yangu aliponiomba likizo hii nimsemee kwa Bibi, nilijua amekosea mjumbe.

Habari yenyewe ni hii. Fundi cherehani mmoja wa Ifakara amemposa dada, na dada anamtaka kweli. Siku hizi mboga zake ama hazina chumvi, ama zina chumvi ya wiki nzima. Baba na mama wamekubali, ila kwetu Bibi asipokubali hakuna harusi. Naye Bibi alitaka huyo fundi aje kwanza shambani, alinde mpunga pamoja nasi.

"Mtu anayeshinda barazani akikanyaga cherehani," alisema, "bonde ataliweza?"

Msimu wa mpunga tunahamia mashambani, upande wa Namawala, na kulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na wanyama wapite chini. Kiboko akija kula mpunga, wenye dungu la karibu naye wanapiga debe, na majirani wanaitikia kwa kelele mpaka arudi mtoni. Debe la kwanza kulia ndilo linalotuambia yuko wapi.

Fundi alikuja, akafukuza ndege vizuri, lakini alianguka topeni kila siku, Bibi akimtazama. Jioni ya mwisho ya ugeni wake tulikuwa sote juu ya dungu, wali uko motoni, baiskeli yake imeegemea nguzo chini. Bibi alisema atatoa jibu baada ya kula. Dada akanifinya.

"Sema basi!" akanong'ona.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Hapo dungu likaanza kutikisika, nguzo zikilia kama kitanda kibovu.

"Kiboko!" Bibi akapiga kelele. "Anajikuna kwenye nguzo! Debe! Debe!"

Nikalikamata debe, nikalipiga kama mwendawazimu. Dada akakumbatia chungu cha maji. Fundi akachomoa mwiko kwenye wali na kuanza kushuka ngazi.

"Shemeji, usishuke!"

Sauti ilikuwa yangu. Sijui ilitoka wapi.

Akashuka hivyo hivyo. Akainama kuchungulia chini ya dungu, mwiko ameuinua. "Bibi, hayupo!"

"Yuko kwangu!" mzee jirani akaita kutoka dungu lake. "Anang'oa nguzo!"

"Kwako wapi, baba? Yuko huku kwetu!" mama mmoja akajibu kutoka mbali.

Madebe yakalia bonde zima, kila dungu na kiboko wake, hakuna wa kumwitikia mwenzake. Baiskeli ikaanguka yenyewe. Maji ya majaruba ya mpunga yakawa yanacheza kama chai kwenye sinia la mtu mwenye haraka. Halafu kila kitu kikatulia.

Ndipo jiografia iliponirudia.

"Bibi," nikasema, "nadhani ni tetemeko la ardhi."

"Sasa ndiyo unakumbuka? Debe umeshalipasua!"

Bibi alicheka, kisha akakaza uso. Akamtazama fundi pale chini, matope mpaka magotini.

"Wewe. Ungemkuta huyo kiboko, ungemfanya nini kwa mwiko?"

"Ningemwamkia shikamoo, Bibi. Kisha ningepanda ngazi mbio."

"Sasa ulishuka kufanya nini?"

Akaangalia miguu yake, kama mimi kabisa. "Nyinyi mlikuwa juu."

Dada alikuwa bado amekumbatia kile chungu, na nadhani hakuwa anapumua.

"Haya," Bibi akasema. "Huyu mjukuu wangu hasemi hata akiumwa jino. Leo amekuita shemeji na bonde zima limesikia. Nitamgeuza mwongo? Panda juu, mwanangu, tule. Ila mwiko uoshe kwanza."

Dada akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Jamani!" mzee jirani akaita tena, hajakata tamaa. "Kiboko kaelekea wapi?"

"Yuko huku kwangu!" Bibi akamjibu kwa sauti ya kupasua masikio. "Anaosha mwiko!"