Siku Suruali Yangu Iliponishtaki

Mpaka leo nikienda sokoni Migwani kuna watu wanaotazama suruali yangu kwanza ndipo wanisalimie, na siwezi kulalamika, aibu hiyo niliitafuta mwenyewe.

Miaka ile mvua ilikuwa imetukataa kabisa (ng'ombe wangu alikonda hata ungeanika nguo juu yake), na kamati ya miti ikakata shauri kwamba mtu akipatikana amechoma makaa, atoe mbuzi. Karani nilikuwa mimi, msomi wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima, na sheria niliiandika kwa hati yangu ya maringo. Wa kwanza kushikwa akawa Mama Nduku, mjane, jirani yangu, mwenye mbuzi mmoja tu wa maziwa ya wajukuu.

Asubuhi ya baraza nikaona siwezi kusimama mbele ya chifu na suruali iliyokunjamana, nikajaza pasi makaa, nikaipungapunga mpaka ikawaka, nikanyoosha mstari ambao ungekata mkate, nikavaa mbio mbio nikaenda.

Nikasoma mashtaka kwa sauti ya redio. "Anayekata mti anafukuza mvua!"

Mama Nduku akainuka polepole. "Karani mwanangu, umependeza. Hiyo suruali umeipiga pasi na nini?"

"Na moto, mama."

"Moto wa nini?"

(Nikafunua daftari langu la ngumbaru kana kwamba jibu limo.)

"Ni makaa yangu!" akawaambia watu. "Mkebe mzima alinunua, tena Jumapili tukitoka kanisani. Mimi nikichoma nafukuza mvua, yeye akinunua anaiita?"

Baraza likaangua kicheko. Nikamgeukia chifu anitetee, kumbe cheche ilianguka nikipiga pasi, na nyuma ya suruali pana tundu kama sahani (haya, kama kisosi).

"Ushahidi huo!" akapaza sauti fundi wa baiskeli.

Chifu alicheka mpaka akavua kofia, kisha akanitazama bila kucheka. "Andika tena. Mnunuzi naye ana makosa. Mbuzi wa leo atatoka kwa karani. Mama atapanda miti kumi, na maji ya kuimwagilia utateka wewe."

Nikaandika nimekaa, kwa maana kusimama ningesimama vipi?

Mbuzi wa Mama Nduku alibaki kwake. Mimi nikapandisha maji kutoka mtoni na punda msimu mzima, naye mama anasimama kivulini akiniuliza, "Karani, leo hukupiga pasi?"

Pasi nilishaitupa, mama. Siku hizi suruali naitandika chini ya godoro, nalala juu yake, na mstari unatoka wenyewe.