Skrubu Chini ya Kibandiko

Mita yangu mpya ya kupima umeme ilianza kudanganya mwezi wa tatu tangu niinunue. Niliigusisha kwenye waya usio na umeme, ikaonyesha umeme. Waranti ilikuwa ya mwaka mzima, ningeirudisha tu. Lakini nimekuwa fundi wa umeme hapa mtaani Kabiria tangu ujana, na skrubu nisiyoruhusiwa kufungua hunikosesha raha. Moja ilikuwa chini ya kibandiko cha kampuni. Nilikipasha joto kwa draya ya nywele ya binti yangu, nikakibandua, nikaifungua skrubu, nikachomelea waya niliodhani umelegea, kisha nikakirudisha kibandiko vizuri. Mita ikazidi kudanganya.

Ndipo nikaipeleka kwa wakala wa watengenezaji, ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Dada wa kaunta aliisikia lafudhi yangu, akanisalimu kwa lugha ya kwetu magharibi. Aliiinua mita kwenye taa ili akague kibandiko.

"Imewahi kufunguliwa, baba?"

"Binti yangu, mzee mzima wa kanisa nikudanganye kwa ajili ya mita?"

Mwenzake akacheka. "Watu wa nyumbani wamefika. Leo hakuna ukaguzi!"

"Wacha wivu," alimjibu, akazima taa, akasaini kwamba kibandiko hakijaguswa.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Alizungumza kwa sauti ya chini. Watengenezaji walikuwa wameifungua mita, wakaona imechomelewa na mtu mwingine. Sasa bosi alimshuku kwamba huwapitishia watu wa kwao vifaa walivyoviharibu wenyewe. Angehojiwa kesho yake saa nne, na huenda angefutwa kazi.

"Niambie tu ukweli, baba. Kama uliifungua, nitakubali kwamba sikuangalia, niombe msamaha. Uliifungua?"

Mke wangu alikuwa ameketi mbele yangu akichambua mboga ya sukuma wiki. Niliona aibu kukiri akinisikia.

"Sikuifungua."

"Sawa. Basi nitasimama na neno lako."

Asubuhi chai ilinishinda. Nilitoka mapema ili nikakiri kabla ya mahojiano, lakini magari yalisongamana njia nzima. Nilimpigia dada mara tano. Simu ilikuwa imezimwa. Saa nne ilinikuta bado njiani, Hurlingham. Nilipofika mjini lifti ilikuwa haifanyi kazi, nikapanda ngazi huku magoti yakinilaumu. Yule mwenzake aliniona, akanionyesha mlango wa bosi. Niliingia bila kubisha hodi, nikamkuta dada mbele ya meza ya bosi.

"Niliifungua mimi," nilisema. "Huyu hakujua."

Bosi hakuniangalia. Alimgeukia dada. "Si umeniapia sasa hivi kwamba ulikikagua kibandiko kwa macho yako?"

Ili kunitetea, dada alikuwa ameuongeza uongo wake juu ya wangu, nami nilikuwa nimekuja kuuanika.

"Baba," aliniambia, "ungesema jana."

Nilimwomba bosi aniadhibu mimi: aishike mita, afute waranti, anishtaki akitaka. Nilisema mengi. Dada alikuwa tayari ameanza kuvua kitambulisho cha kazi shingoni.

"Mzee," bosi alisema, akinyoosha mkono kukipokea, "wewe si mfanyakazi wangu."