Nilivyompinga baba mkwe mbele ya kasisi

Leo wajukuu wameniuliza kama niliwahi kumpinga baba mkwe.

Nilimpinga, tena nikiwa naishi nyumbani kwake.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijijini kwetu Kibondo. Mkimbizi mmoja kutoka Burundi, tuliyekuwa tukisali naye, alifiwa na mtoto. Akaomba mwanawe azikwe kwenye makaburi ya kanisa.

Halmashauri ya kanisa ikakutana. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Baba mkwe, mzee wa kanisa, akasema, "Makaburi haya ni ya wenyeji. Tukimruhusu huyu, wengine tutawakataaje?"

Kura zikalingana, ikabaki yangu.

Kasisi akaniuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Jamani, kwetu Waha hata kumtazama baba mkwe usoni ni aibu. Dirishani nilimwona baba wa marehemu amesimama, anasubiri.

Semeni kweli, ninyi mngefanyaje?

Nikanyoosha mkono. "Azikwe."

Baba mkwe akavaa kofia, akatoka. Nikajua sina pa kulala.

Tulipofika makaburini tukamkuta anachimba.

Lakini mimi hakunisemesha mpaka nilipojifungua, alipokuja kumpa mtoto jina.